SOMO LA TAWI: KULINGANISHA RANGI YA MBAO KATIKA DRAMU YA ZAMANI



Somo letu safari hii ni la mikono. Linahusu namna ya kuipa mbao mpya rangi inayofanana na mbao ya zamani. Tulijifunza katika dramu ya bendi, lakini aliye na kabati la urithi, kiti cha ofisi ya tawi au mlango wa zamani uliobadilishwa ubao mmoja atapata faida ile ile.

Tawi letu lina seti ya dramu iliyotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1960. Ilinunuliwa kwa michango ya wanachama waliotutangulia, wakata miwa na watu wa kiwandani, senti kwa senti. Imepigwa katika sherehe zetu, na imewasindikiza wengi wao makaburini. Mwaka mmoja, tukitoka kwenye Mei Mosi, kamba ililegea juu ya lori na dramu kubwa ya besi, ile ipigwayo kwa mguu, ikaanguka barabarani. Mzinga wake ulisalimika. Ringi ya mbao ya mbele, ile inayobana ngozi, ilivunjika mahali pawili.

Kwa bahati tulipata ringi nyingine ya inchi 22 kutoka dramu iliyokufa ya bendi ya shule. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe nzito. Ringi yetu ya nyuma, iliyobaki nzima, ina rangi ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Hapo ndipo kazi ilipoanza, na mabishano pia.

Katika kamati wengine walisema seti nzima ipigwe msasa ipakwe nyeusi, mambo yaishe. Mwenzetu mmoja aliuliza, "Kwani dramu inasikika kwa rangi?" Mzee wetu, seremala mstaafu wa karakana, alijibu, "Haisikiki kwa rangi, mwanangu. Lakini ukishaipiga msasa, ile waliyoinunua wazee haipo tena. Na siku tawi likibanwa likataka kuiuza, mnunuzi atatoa bei ya dramu iliyoharibiwa." Neno lake ni kweli. Wanaotafuta dramu za zamani hulipa zaidi kwa ile yenye rangi yake ya kwanza, hata kama imechakaa.

Basi tukakubaliana kanuni moja, na somo lote limesimama juu yake: kipya ndicho kigeuzwe kifuate cha zamani. Cha zamani kisiguswe ila kwa kusafishwa.

1. RANGI UIONAYO NI MAMBO MATATU

Mtu akitazama mbao ya zamani husema, "Hii ni kahawia," akaenda dukani kununua kopo lenye jina hilo. Hapo amekwisha kukosea. Rangi aliyoiona imetokana na mambo matatu yaliyolaliana.

La kwanza ni mbao yenyewe. Viwanda vya dramu vya Uingereza mara nyingi vilitumia mbao za bachi na biichi. Vile vya Marekani vilitumia sana mepo, popla na mahogani. Kila mbao ina rangi yake kabla haijaguswa. Mkangazi wetu ni ndugu wa mahogani ya Amerika, lakini si mbao moja, na haunywi rangi sawasawa nayo.

La pili ni rangi ya kupenya, yaani ile inayoingia ndani ya mbao na kuacha mistari yake ionekane. Hii ni tofauti na rangi ya mafuta ya kupaka ukuta, ambayo hufunika kila kitu.

La tatu ni vanishi pamoja na miaka. Vanishi nyingi za zamani hugeuka manjano kadiri zinavyozeeka. Mbao nayo hubadilika kwa mwanga. Fungua kipande cha chuma kilichokaa juu ya mbao ya dramu kwa miaka mingi, na chini yake utakuta kivuli cha rangi tofauti, kwa sababu mwanga haukufika hapo. Usilinganishe na kivuli hicho. Hiyo ni rangi ya siku ilipotoka kiwandani. Wewe unalinganisha na sehemu iliyoona jua, kwa kuwa ndiyo watu watakayoiona.

2. TAMBUA NA SAFISHA KABLA YA KUCHANGANYA

Ondoa vyuma vyote: skrubu za kukazia, makucha yanayoshika ringi, miguu. Viweke katika kopo moja ili visipotee.

Kisha safisha sehemu ya zamani kwa kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni, halafu kikavu. Usiloweshe. Ringi yetu ya nyuma ilipofutwa, kitambaa kilitoka cheusi, na rangi tuliyokuwa tukiibishania ikawa nyepesi kuliko tulivyodhani. Tungechanganya rangi kabla ya kufuta, tungelinganisha na uchafu.

Baada ya hapo tambua mbao. Mzee alitukabidhi kipande cha ringi iliyovunjika na kutuonyesha vijistari vifupi vya kahawia vilivyotapakaa juu yake kama chembe za ufuta. Hiyo ni alama ya biichi. Ringi ya shule ilipotolewa rangi nyeupe ilikuwa na vijistari hivyo hivyo, tukashukuru. Kama mbao hazifanani, rangi moja itatoa sura mbili, na kazi itakuwa ngumu zaidi.

Mwisho, jua ni vanishi gani iliyo juu ya ile ya zamani. Mahali panapofichwa na kucha la chuma, gusa kwa pamba yenye tone la spiriti. Ikinata, ni shelaki. Isiponata, jaribu tone la tina. Ikiyeyuka, ni laka. Isipoyeyuka kwa yote mawili, yaelekea ni vanishi ya mafuta au ya aina ngumu za siku hizi. Kama dramu imevikwa ile plastiki ing'aayo, weka tina mbali nayo. Plastiki nyingi za namna hiyo za zamani ni seluloidi: tina huiharibu, na moto huishika upesi sana.

3. KOSA LETU LA KWANZA

Hatuoni haya kulieleza, maana kosa lililofichwa hurudiwa.

Kijana mmoja wa idara ya kufungasha, mwenye bidii, alijitolea kuanza bila kumngoja Mzee. Alinunua kopo lililoandikwa mahogani, akaipaka ringi yote jioni chini ya taa, akaenda kulala akiwa na furaha. Asubuhi tuliitoa nje. Ilikuwa nyekundu kama tofali, tena yenye mabaka meusi kama ngozi ya chui.

Alikosea mambo manne. Aliamini jina la kopo, ilhali kila kiwanda kina mahogani yake. Alipaka kitu chenyewe bila kujaribu. Alifanya kazi chini ya taa, na rangi mbili zinazofanana taani zaweza kutofautiana kabisa juani. Tena hakuipiga mbao msasa kwa usawa, na palipokwaruzika palikunywa rangi nyingi zaidi.

Kijana alisema, "Mzee, nisamehe, nimeharibu mali ya chama." Mzee akamjibu, "Hujaharibu, umeanza kujifunza. Lete spiriti." Wakafuta na kupiga msasa siku mbili kuiondoa, na hata hivyo weusi kidogo ulibaki ndani ya vinyweleo vya mbao. Ndiyo maana mafundi husema anza na nyepesi: kukoleza ni rahisi, kupunguza ni taabu.

4. NJIA ILIYOFAA

Kutayarisha mbao. Piga msasa kufuata mistari ya mbao, namba 120 kwanza, kisha 180. Usiendelee hadi msasa mlaini sana, kwani mbao iliyong'arishwa haipokei rangi vizuri. Kama utatumia rangi ya maji, lowanisha mbao kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke, vinyweleo vitasimama, uvipitishie msasa kidogo. Usipofanya hivyo, vitasimama wakati wa kupaka rangi, na utaikuta mbao ina makwaruzo.

Kuchagua rangi. Ziko aina mbili kubwa. Moja ni ya unga unaoyeyuka katika maji au spiriti, na huingia ndani kabisa ya mbao. Nyingine ina chembe laini zisizoyeyuka, ambazo hukaa katika vinyweleo. Mbao ngumu zenye vinyweleo vidogo, kama mepo na biichi, hupokea ile ya unga vizuri zaidi. Ubaya wake ni kupauka juani, hivyo dramu isiachwe dirishani. Ya spiriti hukauka upesi mno na kuacha mipaka ya brashi. Kwa mtu asiye na mazoea, ya maji inafaa zaidi, maana inampa nafasi.

Kufanya majaribio. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Jaribio lifanywe juu ya mbao ile ile, iliyopigwa msasa ule ule. Sisi tulitumia upande wa ndani wa ringi, unaofichika dramu ikifungwa. Tuligawa miraba ya upana wa vidole vitatu kwa penseli na kuipa namba. Mzee alianza na kijiko kimoja cha chai cha unga wa kahawia katika robo lita ya maji ya moto, akaacha yapoe. Mraba wa kwanza ulipata hiyo peke yake. Wa pili uliongezwa manjano kidogo. Wa tatu, manjano na tone moja la nyeusi. Kila kilichoongezwa kiliandikwa hapo hapo, kwa vijiko na matone. Fundi anayechanganya kwa macho tu hawezi kurudia kazi yake mwenyewe wiki ijayo.

Rangi ikikataa, kumbuka zile zinazozimana. Ikiwa nyekundu mno, tone la kijani huituliza. Ikiwa ya machungwa mno, tone la buluu. Ikiwa ya manjano mno, tone la zambarau. Ni matone, si vijiko.

Usihukumu rangi iliyokauka bila vanishi. Ikikauka huonekana kavu na ya vumbi, na wengi hudhani imeharibika wakaongeza nyingine. Kila mraba upakwe vanishi utakayotumia, ukauke, ndipo ulinganishwe. Sisi tulitoa ringi zote mbili nje saa nne asubuhi, kivulini, tukazisimamisha bega kwa bega, tukatazama karibu, kisha kutoka hatua tano. Mraba wa tatu ndio uliokaribia. Ulipungukiwa na ile manjano ya uzee tu.

Kupaka. Paka kwa kitambaa, usiache sehemu ikauke katikati ya kazi, na futa ziada mara moja. Ncha za mbao zilizokatwa hunywa rangi kama udongo mkavu. Zilowanishe kwa maji kwanza ili zisiwe nyeusi. Acha usiku mzima.

Kumalizia. Ile manjano iliyopungua hatukuitafuta katika rangi. Mzee alipaka mikono miwili myembamba ya shelaki ya rangi ya asali, na hiyo ndiyo iliyoleta uzee. Kama bado ingepungua, angetia rangi kidogo sana ndani ya shelaki na kuongeza mkono mwingine, maana marekebisho ya mwisho hufanywa katika tabaka za juu, si katika mbao. Mwisho mng'ao. Ringi ya zamani ilikuwa imefifia, na mpya inang'aa kama sahani. Alisugua mpya polepole kwa sufi laini ya chuma na nta hadi ziking'aa sawa. Watu wengi husahau jambo hili. Rangi zaweza kuwa moja, lakini mng'ao ukitofautiana jicho hukataa.

5. AFYA YA ANAYEFANYA KAZI

Chama kinachofundisha kazi bila kufundisha hatari zake hakijafundisha.

Rangi nyeupe ya ringi ya shule ilikuwa ya zamani, na rangi za zamani mara nyingi zina risasi. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 13 wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika upakaji wa ndani ya majengo, kwa sababu wapaka rangi walikuwa wakisumishwa. Kwa hiyo hatukuipiga msasa mkavu. Tuliilowesha, tukakwangua ikiwa na maji, tukakusanya mabaki. Vumbi la risasi hushika nguo, na huenda nyumbani kwa watoto.

Vumbi la mbao lenyewe si la kuchezea. Katika miaka ya 1960 madaktari Uingereza waligundua kwamba mafundi wa viti wa High Wycombe na jirani zake walipata saratani ya pua kuliko watu wengine. Mbao waliyoitumia sana ilikuwa biichi, mbao hii hii ya ringi yetu. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichapisha tathmini yake kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu. Ringi moja haitakudhuru kama miaka 20 ya karakana, lakini barakoa ya kufaa na kazi ya nje ya nyumba havina gharama kubwa.

Rangi za unga nazo zina historia. Mwaka 1856 kijana Mwingereza, William Perkin, alipata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na viwanda vikubwa vikafuata. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji Mjerumani, Ludwig Rehn, alieleza habari za uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi za namna hiyo. Wafanyakazi ndio waliogundulika wakiwa wagonjwa, na sheria zilikuja nyuma. Basi vaa glovu, usichanganye rangi kwa kijiko cha jikoni, na soma kibandiko cha kopo. Mkataba namba 170 wa mwaka 1990 unataka kemikali za kazini ziwe na vibandiko na maelezo ambayo wafanyakazi wanaweza kuyaelewa. Anayepulizia dawa shambani na anayepaka vanishi karakanani wanadai jambo moja.

Tina na spiriti zitumike mahali penye hewa. Kijana wetu siku ya kwanza alifunga madirisha ili vumbi lisiingie, akaanza kusikia kizunguzungu. Tulimtoa nje akapata nafuu. Matambara yenye mafuta ya kitani yasikunjwe yakarundikwa pembeni. Huweza kujipasha moto yenyewe na kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke, au yatie katika kopo la maji lenye kifuniko.

6. MWISHO WA KAZI

Mzee alitueleza kwamba fundi aliyemfundisha alikuwa akifunga mlango kila alipochanganya rangi. Yeye aliiba elimu hiyo kwa kutazama kopo baada ya bwana wake kuondoka, na ilimchukua miaka sita. Naye baadaye alifunga mlango kwa wanafunzi wake, akidhani ndivyo ufundi ulivyo. Katika kazi hii mlango ulikuwa wazi, na vipimo vyote viliandikwa na kijana yule yule aliyekosea.

Dramu ilifungwa tena siku mbili kabla ya mkutano wa wajumbe. Hatudai kwamba kazi ilikamilika bila doa. Ukiinama karibu upande wa kushoto utaona weusi uliobaki kutoka jaribio la kwanza. Ukisimama mbele yake kama msikilizaji, huwezi kusema ipi ya nyuma na ipi ya mbele.

Kabla ya kuifunga, Mzee alimpa kijana penseli. Ndani ya ringi, kando ya miraba ya majaribio, aliandika mwaka, kwamba ringi hii si ya seti hii, na vipimo vya rangi. Mmoja wetu aliuliza kwa nini tuhangaike kulinganisha kisha tuandike kwamba si yake. Mzee alisema, "Tumelinganisha ili ipendeze. Tumeandika ili asidanganyike atakayeifungua baada yetu."

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Taja mambo matatu yanayofanya rangi ya mbao ya zamani. Ni lipi ambalo huwezi kulinunua katika kopo?

2. Kwa nini jaribio lifanywe juu ya mbao ile ile na kupakwa vanishi kabla ya kuhukumiwa?

3. Katika kazi yenu, ni kopo au mfuko gani mnaoutumia bila kujua kilichomo ndani? Nani anapaswa kuwaeleza, na mmekwisha kumwuliza?

4. Ni ufundi gani katika tawi lenu unaojulikana na mtu mmoja tu? Mtafanya nini kabla hajastaafu?

Umoja ni nguvu.